Mpitisheni Basilisa Korongoni

Uingereza,
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea pia shikamoo za asubuhi zote nilizoamka huku bila kuwa na mkubwa wa kumwamkia. Watu wa huku wanaitana majina tu, hata mtu na bibi yake, na ulimi wangu mpaka leo unakataa. Wazee ninaowahudumia nawaita Bibi na Babu kwa Kiswahili chetu. Wameshazoea, na mmoja wao akinitaka usiku huita "Bibi!" akidhani ndilo jina langu.

Goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi ya Endasak? Emanueli aliandika kwamba mahindi ya upande wa juu yaliungua jua lakini maharage mmepata. Namshukuru Mungu kwa hayo maharage. Na ng'ombe, yule mweupe mwenye pembe iliyopinda, ameshazaa? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Sina cha kulalamika upande wa mwili.

Emanueli mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma, na umekaa kwenye kigoda pale mlangoni ili upate mwanga. Nakuomba usome yote, polepole, usiruke mahali, hata pale utakapoona aibu. Na mkeo Basilisa asikie. Kama yuko kwenye chumba cha nyuma, paza sauti.

Mama, hujawahi kuniuliza hasa ninafanya kazi gani, na mimi nimekuwa nikiandika tu kwamba nafanya kazi ya wagonjwa. Leo nitaeleza, kwa sababu ina maana kwa hili ninalotaka kuomba. Hii si hospitali. Ni nyumba ya wazee ambao watoto wao hawawezi kukaa nao. Cheti changu cha uuguzi, kile tulichokipeleka kanisani kikaombewa, huku hakitambuliki mpaka nisome tena. Kwa hiyo sidungi sindano, sipimi presha, sizalishi. Navisha soksi. Nakata kucha. Nasukuma kiti chenye magurudumu mpaka dirishani, nakirudisha. Mikono yangu iliyopokea watoto wa nusu ya kijiji chetu sasa inafunga vifungo vya sweta.

Kuna bibi mmoja wa chumba cha mwisho, mwembamba, mpole, mwalimu wa zamani. Huyu hazuii mkojo. Ni ugonjwa wa uzee, misuli imelegea. Kila jioni linakuja gari na maboksi ya nepi za watu wazima, na kazi yangu ni kumbadilisha kabla hajalowa, kumsafisha kwa maji ya uvuguvugu na kumpaka mafuta ili ngozi isichubuke. Kisha nampeleka mezani. Anakula na wenzake, anacheza karata, anawaibia waziwazi na wao wanamtania. Hakuna anayeziba pua. Hakuna anayehamisha kiti.

Nilikuwa nimetoka kumhudumia huyo bibi nilipofungua barua ya Emanueli, ile aliyoandika baada ya msiba wa mtoto. Niliisomea kwenye ngazi, nikiwa bado na aproni. Aliandika kwamba Basilisa alishikwa na uchungu Jumatatu, na mtoto akatoka Alhamisi, ameshakufa. Aliandika kwamba zahanati ilikuwa imefungwa na hapakuwa na wa kuita. Halafu mwishoni, kwa maneno machache kama mtu anayetaja jambo dogo, akaandika kwamba tangu siku hiyo maji yanamtoka Basilisa bila kukoma, amelala au amekaa, na kwamba mama amesema metimani haiwezi kwisha maji hayo yakiwa hayajakauka.

Mama, nakuheshimu, na nimekulia ndani ya desturi hiyo. Najua nyumba ikifiwa na mtoto wakati wa kuzaliwa, mwanamke anakaa metimani, ametengwa na watu: hapiti mashamba ya watu, hachoti maji na wenzake, hali katika chombo kimoja na jirani. Sijaja kukufundisha hilo. Lakini maji hayo siyo ya msiba. Ni mkojo. Mtoto akikaa njiani siku nyingi, kichwa chake kinabana kibofu mpaka nyama inakufa na kuacha tundu. Sisi tulifundishwa kuliita fistula. Tundu hilo halifungwi na miezi. Basilisa anaweza kukaa kwenye kile chumba mpaka nywele ziwe nyeupe, na maji hayatakauka. Linafungwa kwa kushonwa na daktari anayejua, na anayejua si kila daktari.

Ndiyo maana nilinunua kadi ya simu, nikampigia rafiki yangu Yustina niliyesoma naye, ambaye yuko wodi ya akina mama kule Haydom. Aliniambia yuko daktari mgeni, bingwa wa kushona matundu hayo, anayekuja kutoka Ulaya mara moja kwa mwaka, kwa majuma machache. Mwaka huu anakuja mwezi ujao, kabla mvua hazijakata barabara. Nilicheka kidogo, Yustina akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia huenda mimi na huyo daktari tulipishana angani, yeye akienda kushona wanawake wa kwetu na mimi nikija kubadilisha nepi za mama yake. Yustina hakucheka. Alisema, "Mlete wifi yako mapema, Theresia. Wanaokuja amekwisha kuondoka ndio wengi."

Siku ile ile nilimpigia Mama Zuhura wa Katesh, dukani kwake, kwa kuwa ndiye mwenye simu tunayemfahamu. Nilimwomba akikuona siku ya mnada akuambie yote haya. Alikuambia, najua, maana nilipopiga tena alinipa jibu lako. Alisita kwanza. Akaniuliza kama nimekaa. Halafu akasema, "Mwanangu, mama yako amesema hivi: Kama njia anaijua, aje aipite mwenyewe."

Nilimshukuru, nikamsalimia mumewe, nikakata. Tangu hapo nimekuwa nikilibeba neno hilo mpaka kazini. Nimeliandika kwenye shajara yangu bila kuongeza lolote chini yake. Leo nataka kulijibu, si kwa ubishi. Ulikuwa na haki ya kulisema.

Najua unachoogopa, Mama. Hujamfungia Basilisa kwa roho mbaya. Unakumbuka yule kijana muuguzi aliyeletwa zahanati baada yangu, yule wa kutoka kule ziwani. Alikuwa na bidii, kila mtu anakubali. Lakini hakuna aliyemweleza. Alikwenda kumtibu mjane wa Mzee Bura akiwa metimani, akakaa kwenye kiti cha nyumba ile, akanywa maji yao. Akitoka hapo akakata shamba la Mama Lohay kwa kuwa ndiyo njia fupi, akaingia nyumbani kwake mlimokuwa na kichanga cha wiki moja, akakishika. Mtoto yule alikufa kwa homa. Mimi nasema ni malaria. Mama Lohay hasemi hivyo, na sijui mimi ningesema nini kama angekuwa wangu. Hakuna aliyemgombeza kijana. Watu waliacha tu kwenda zahanati. Akakaa pale na dawa zake mwezi baada ya mwezi, akisalimiwa vizuri njiani na bila mgonjwa hata mmoja, mpaka akaomba uhamisho. Mlango ukafungwa. Na Mama Lohay ndiye jirani yetu wa chini, njia ya nyumba yetu inapita kwake, na wewe ndiwe utakayeishi naye, si mimi. Ukimtoa Basilisa akapita pale analowa, mtoto au ndama akifa mwezi huo, jina ni lako.

Nalielewa hilo. Ndiyo maana siombi apite pale.

Lakini kabla ya hapo niseme kidogo kwa nini zahanati ina kufuli, kwa sababu Emanueli aliniuliza kwenye barua kama serikali imetusahau. Nilimaliza chuo miaka ile walipositisha ajira. Tuliambiwa wanaoikopesha serikali wameweka sharti, wafanyakazi wapunguzwe. Nikawa najitolea pale kwetu, mnakumbuka, nalipwa unga na kuku na asante. Boksi la dawa lililokuwa linakuja kila mwezi likaanza kuja likiwa nusu, halafu wagonjwa wakaambiwa wachangie, halafu maduka ya dawa yakafunguka Katesh kila kona na mtu akawa anajinunulia vidonge viwili badala ya dozi. Soko huria, tulisikia redioni, kila mtu auze anachoweza. Ndipo akaja Arusha yule bwana mwenye tai, anayetafuta wauguzi wa kuleta huku, akakodi ukumbi, akatuonyesha picha za majani mabichi. Tulijaa mle ukumbini mpaka wengine wakasimama nje. Sisi ndio tulikuwa kitu kinachoweza kuuzwa. Sijutii kwamba nilitaka mshahara. Lakini nimefika mwisho wa ile safari na nimeona inavyokwenda.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye chumba cha chai. Tulikuwa wanne: mimi, Marisela wa Ufilipino, Sibo wa Zimbabwe, na msimamizi wetu, mwenyeji wa hapa. Msimamizi alikuwa na huzuni kwa sababu binti yake, muuguzi, ameondoka kwenda Australia, huko wanalipa vizuri zaidi. Sibo akamwambia asilie, Mungu amemletea mabinti watatu weusi na wa njano badala ya mmoja. Tukacheka wote, hata yeye. Halafu Marisela akaanza kuuliza, kama mchezo, kila mmoja kwao amemwacha nani. Akasema yeye mwenyewe nafasi yake imechukuliwa na binamu yake kutoka kijijini. Sibo akasema kwao wameletewa madaktari wa Kuba. Ikafika zamu yangu.

"Na wewe, Theresia, kwenu amebaki nani?"

"Kufuli," nikasema.

Walicheka sana, wakidhani ni utani. Marisela akanipiga begani. Nami nikacheka nao mpaka chai ikanimwagikia, halafu nikaenda chooni nikakaa mpaka zamu ilipoanza.

Kesho yake niliomba ruhusa. Mama, nataka ujue kwamba niliomba. Nilivaa gauni la Jumapili, nikamweleza msimamizi kila kitu, kuhusu Basilisa, kuhusu daktari, kuhusu neno lako. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Alishika mkono wangu. Akasema, "Siwezi kukuachia sasa, Theresia. Tuna upungufu wa watu."

Kibali changu cha kukaa huku kimefungwa na nyumba hii. Nikiondoka bila ruhusa yao, sirudi, na wewe unajua ada ya watoto wa marehemu dada inatoka wapi. Nilikwenda chumba cha mwisho kumbadilisha bibi. Aliniangalia akaona macho yangu, akaniuliza kwa lugha yao ni nani aliyekufa. Nikamwambia bado.

Kwa hiyo, Mama, njia ninaijua. Naiandika hapa kwa sababu siwezi kuipita.

Nilipokuwa zahanati, niliingia nyumba za metimani kuliko mtu yeyote wa kijiji, na hakuna jirani aliyewahi kunilaumu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniuliza nafanyaje. Sikupita shamba la mtu hata moja. Nilishuka nyuma ya zizi letu, nikaingia korongoni pale kwenye mti mkubwa wa mgunga, nikafuata mchanga wa korongo. Korongo halina mwenyewe, hakuna anayelima wala kulisha mle, maji ya mvua huliosha lenyewe. Nilibeba kigoda changu nisikalie cha mtu. Nilibeba kikombe changu cha bati nisinywe cha mtu. Nikitoka, sikuingia nyumba yenye kichanga wala zizi lenye ng'ombe anayekaribia kuzaa siku ile. Hayo tu. Wazee waliniona nikipita mle chini na kigoda kichwani, wakasema binti wa Mama Theresia ana adabu, na dawa zangu zikapokelewa.

Mpitisheni Basilisa njia hiyo hiyo. Korongo linashuka mpaka daraja la barabara kuu, halipiti kwa Mama Lohay hata kwa hatua moja. Watoke alfajiri, yeye na Emanueli peke yao, kabla watu hawajapeleka ng'ombe majini. Asipande basi. Nimekwisha kuongea na Mama Zuhura. Lori la mumewe linakwenda Haydom na bidhaa kila baada ya mnada, litasimama darajani na kuwachukua, wakae nyuma juu ya magunia. Nilimweleza mumewe wazi kwamba ni mwanamke wa metimani. Alisema, "Sisi hatuna ng'ombe wala shamba wala kichanga, tuna chumvi na mafuta ya taa. Apande." Kwa hiyo hakuna anayeguswa, Mama. Nimeangalia kila mahali, sioni mahali ambapo jirani atapata la kusema. Na kama unaona ni vema, mwite Mama Lohay asimame ukingoni, kwa mbali, awaone kwa macho yake wanavyopita. Yeye pia alizika mtoto. Huenda akaelewa kuliko tunavyodhani.

Kigoda changu kipo darini, nyuma ya debe la mbegu. Kikombe kipo kwenye msumari karibu na mtungi, kama hamkukitoa. Mpeni Basilisa vyote viwili. Apewe na khanga zangu za zamani, zile kuukuu, zilizofuliwa zikawa laini, azikunje vipande vipande ajisitiri nazo njiani. Huku tuna maboksi na maboksi ya nepi, na sikupata njia ya kutuma hata moja ikafika kwa wakati. Anywe maji mengi. Najua anajizuia kunywa ili asilowe. Wote hufanya hivyo, na ndivyo wanavyozidi kuungua. Basilisa wifi yangu, kama unanisikia huko chumbani, kunywa maji. Huna kosa lolote. Ulifungiwa mlango, basi.

Emanueli, sehemu hii ni yako, nawe uisome kwa sauti vilevile. Usije ukamwacha hospitalini ukarudi kuoa. Najua maneno yanayosemwa kwa wanaume wenye wake wa namna hiyo, na najua nani ameshaanza kukuambia. Mtafute Yustina wodini, ni mnene, ana mwanya, atakuuliza mnatoka Endasak ya juu au ya chini. Ukimwona tu, mwambie umetumwa na mimi.

Mama, sijui barua hii itatumia siku ngapi. Mara nyingine zinafika haraka, mara nyingine zinalala Babati mpaka mtu aende kuziulizia. Nimempigia Mama Zuhura tena kumwomba akufikishie, lakini alisema hili ni jambo la kusikia kutoka kwangu, si kutoka dukani. Nami naona amesema kweli.

Nisalimie Mjomba anayetunza mizinga, na Shangazi wa Endagikot aliyenishonea gauni la safari. Nisalimie watoto wa marehemu dada, waambie picha zao ziko juu ya kitanda changu. Msalimie katekista. Msalimie Mama Lohay, Mama, na usimsalimie kwa mbali. Na yule anayeshika ufunguo wa zahanati, mwambie afungue mlango na madirisha siku moja, upepo uingie, popo wasije wakazalia mle.

Nimebakiwa na jambo moja, na ndilo linalonifanya niandike mpaka mkono unauma. Yustina aliniambia kwamba kila mwaka wapo wanawake wanaofika bingwa ameshapanda ndege. Wengine hurudi makwao. Wengine hawarudi. Wanabaki pale jirani na wodi, kwenye kibanda walichojengewa, wanafuma vikapu, wanapika pamoja, wanangoja mwaka mwingine. Wote wanalowa, kwa hiyo hakuna anayemkimbia mwenzake, na wanakunywa chai kwa kikombe kimoja wakipokezana.

Kama barua hii imefika na daktari ameshaondoka, mpitisheni korongoni hivyo hivyo. Emanueli, mfikishe kwa wale wanawake, kaa naye mpaka wampokee, halafu rudi na kigoda na kikombe uvirudishe mahali pake. Yeye abaki. Huko hatavihitaji.

Ni mimi binti yako, ninayekuamkia kutoka mbali,

Theresia